Homa ya Adhuhuri

Jua la adhuhuri lilikuwa kali, lakini Tunu alijikunyata chini ya blanketi, meno yakigongana. Wiki iliyopita alitundikiwa dripu ya dawa ya saratani, na sasa homa ilikuwa imempanda.

Mumewe, Shomari, alimletea maji na vidonge vya kutuliza homa. "Meza, mama watoto. Ikishuka utapata usingizi."

Tunu alivitazama vile vidonge, akamkumbuka Riziki, mgonjwa mwenzake wa kitanda cha jirani. Riziki naye alishikwa na homa akiwa nyumbani. Alimeza vidonge, ikashuka, akampigia Tunu simu akicheka: "Imeshuka, shoga yangu! Kumbe madaktari wanatutisha bure." Kesho yake Tunu alipopiga, simu ilipokewa na dada yake Riziki, akilia.

Sasa Tunu alikisikia kicheko kile karibu kabisa na sikio lake.

"Sitaki, baba watoto," alisema. "Daktari alisema ile dripu inashusha kinga ya mwili; homa ikinishika nisikae nayo nyumbani, maana vidonge vitaificha tu huku ugonjwa ukiendelea ndani. Nipeleke hospitali sasa hivi."

Shomari alitaka kubisha, lakini alipoyaona macho ya mkewe alitoka mbio kutafuta gari.

Hospitalini muuguzi alimchoma sindano ya kuua vijidudu, akamlaza chumba cha peke yake na kumzuia Shomari nje ya mlango wa kioo, asije akamwambukiza vijidudu vingine. Tunu alimwona mumewe akisogeza uso, midomo ikitamka neno ambalo hakulisikia. Pumzi za Shomari zikatia ukungu kwenye kioo, uso ukafifia taratibu, ukabaki tu mkono alioubandika kwenye kioo.