Bakoly Ajifunza Kutembea

Bakoly alikuwa akienda na kurudi uani, jarida kichwani, shingo imesimama kama nguzo. Lalao, jirani yake, alicheka mpaka akashika mbavu.

"We Bakoly! Miaka thelathini umebeba karai la vitumbua kichwani, Antananarivo nzima inakujua, leo unajifunza kubeba karatasi?"

"Cheka tu, shoga. Mwanangu anaposwa na watu wakubwa. Mimi simtii aibu."

Jarida lilikuwa la Hanitra, bintiye wa pekee, karani wa benki. Kila mwezi aliufungua kwanza ukurasa wa Madame Yolande, bingwa wa mavazi na adabu za wenye hadhi. Alilosema Madame lilikuwa sheria. Aliposema rangi ya njano ni ya kishamba, Hanitra aligawa magauni mawili siku ileile. Sasa alikuwa amempeleka mama yake kwa bingwa mwenyewe.

Kila Alhamisi Bakoly alipanda ngazi za mawe hadi mji wa juu. Alifundishwa kushika uma, na kucheka bila kuonyesha meno. Shuka jeupe la begani, la marehemu mama yake, aliambiwa aliache nyumbani.

Lakini muda mwingi ulikwenda kwa maswali. Hanitra alizaliwa saa ngapi? Neno lake la kwanza lilikuwa nini? Lile kovu la gotini alilipataje? Madame aliandika yote daftarini. Siku Bakoly aliposimulia surua iliyotaka kumnyang'anya mtoto, Madame alifuta machozi.

"Mbona unaniuliza haya yote?"

"Mama wa heshima hujua kusimulia habari za mwanawe mbele za watu."

Bakoly alirudi nyumbani moyo mweupe. Hakuna aliyewahi kumwuliza habari zile, hata Hanitra.

Usiku wa kuamkia posa, Hanitra alikuja kumjaribisha gauni.

"Mama, kesho usiseme mengi."

"Nitakaa kama picha, mwanangu."

Hanitra akamkumbatia mama yake, akakawia kumwachia.

Ukumbi ulijaa maua. Kijakazi mmoja alimwongoza Bakoly hadi safu za karibu na mlango. Pengine kwa wakubwa ndivyo, Bakoly alijiambia. Mama hajitokezi, huitwa. Alikunja mikono mapajani, akangoja. Viatu vipya vilimbana, naye alimtazama mwanawe kwa mbali, alivyopendeza, mpaka maumivu akayasahau.

Mzee msemaji wa upande wa mume akainuka. Alisifu ukoo, akasifu malezi, akaomba radhi kwa kuthubutu kunena mbele ya waliomzidi umri.

"Binti tumemwona," alisema. "Sasa tunamwomba aliyemzaa asimame, tumpe shukrani zetu."

Bakoly akasimama, taratibu, shingo imenyooka, machozi yakimlengalenga.

Kule mbele, Hanitra alikuwa amemshika mkono Madame Yolande, akimsaidia kuinuka. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

"Kaa chini, bibi," mtu alimvuta Bakoly gauni kwa nyuma. "Unatuziba. Tunataka kumwona mama mtu."