Ngozi ya Ndama

Kitendawili gani tena hiki? Ngozi ilikuwa imelala kwenye matope, na kamba yake imefunguliwa vizuri, fundo kwa fundo.

Mukagasana aliiokota akiguna. Ng'ombe wake alikuwa amefiwa na ndama, naye akamletea ndama yatima wa jirani, amevikwa ngozi ya yule aliyekufa. Hapa Kirolirwe ndiyo desturi: ng'ombe ananusa, anadhani ni wake, anaachia maziwa. Bila ngozi atampiga teke, na yatima atakufa njaa. Asubuhi Mukagasana anaifunga, jioni anaikuta chini.

Na aliyeifungua alimjua. Ni mjukuu wake Bénédicte, kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Ukimwambia kaa, anasimama. Hata medali ya Bikira Maria, ile ya ubatizo, haikai shingoni mwake; leo iko kwenye msumari, kesho utaiokota chini ya kitanda.

Hilo lilimuuma bibi kuliko yote. Colette, mama wa mtoto, alikwenda Omate kuwapikia wachimba madini akimwacha Bénédicte angali ananyonya, kisha vita vikafunga njia miaka na miaka. Aliporudi mwaka huu, kitu cha kwanza alichoshika ni medali ile, akalia. Ndiyo maana Mukagasana alitaka ionekane kila siku. Lakini kumlea mtoto anayevua kila unachomvika, hapana, kulikuwa kumemchosha mpaka kwenye mifupa.

Akamkuta zizini, shingo tupu.

"Weye mutoto, unataka ndama ikufe?"

"Hapana, Koko. Angalia."

Bibi akaangalia. Ndama alikuwa ananyonya, mgongo wazi, mkia unacheza. Ng'ombe alikuwa amegeuza shingo, anamlamba taratibu.

"Ngombe inajua haiko mutoto wake," msichana alisema. "Inajua tangu zamani. Inamupenda tu hivi."

Mukagasana akarudi kwenye ugomvi wake. "Na medali iko wapi? Mama yako akiuliza, nitamujibu nini?"

Mtoto akaitoa mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha bibi, akamkunja vidole juu yake.

"Mama naye anajua, Koko. Tukiwa sisi wawili ananiita Vestine, jina yangu ya kweli, na jana tulienda kungoa majani kwa kaburi ya Bénédicte."