Mpangaji wa Chumba cha Nne

Tangu nyumba aliyopanga ibomolewe kupisha barabara, Mbaruku alikuwa amelala miaka sita kwenye baraza la duka la vitambaa. Asubuhi hiyo Bi Mwanakombo, afisa ustawi wa jamii, alimkabidhi ufunguo wa chumba, kimoja kati ya vile ambavyo mji uliwajengea watu wasio na makazi.

"Kazi tutaitafuta baadaye, kaka yangu," alimwambia. "Kwanza ulale."

Mbaruku alijifungia, lakini usingizi haukuja. Ukimya ulimtisha. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Mwishowe aliona heri arudi barazani alikokuzoea. Alikuwa ameshabeba kifurushi chake aliposikia sauti ya mwanamume nje.

"Hodi! Hodi hapa!"

Kule barazani walimwamsha kwa teke, au kwa maji ya kudekia. Hodi hakupigiwa na mtu.

"Jirani, hodi!"

"Karibu," alijibu kwa sauti ndogo, akaweka kifurushi chini. Akakohoa, akarudia: "Karibu ndani, ndugu yangu."

Jirani, bakuli la mihogo mkononi, aliinama akavua kandambili zake, akaziacha kizingitini.