Mtihani wa Mwalimu Jaku

Mgeni alipopiga hodi, Wanu aliacha kukuna nazi, na papo hapo watoto wote ukumbini wakairudia aya waliyokuwa wakiisoma.

"Karibu," alijibu nyuma ya pazia, akaanza kukuna tena. Watoto wakaendelea.

Ndivyo chuo cha Kurani cha Mwalimu Jaku, pale Ngamiani, kilivyokwenda tangu mwaka wa 1953. Mzee alikaa juu ya mkeka, ufito mkononi. Wanu, bintiye, alikaa uani kwenye mbuzi ya nazi, masikio yake ukumbini. Mtoto akikosea, mbuzi ilinyamaza. Mbuzi ikinyamaza, mzee alisema, "Rudia." Siku nyingine hilo ndilo neno pekee alilokuwa na hakika nalo.

Walipatana hivyo siku ile Wanu alipomkuta njiani, ametoka msikitini, kanzu ameivaa nje ndani, anamwuliza mpita njia nyumba ya Mwalimu Jaku iko wapi. Walipofika nyumbani, akili zilimrudia. Alilia kwa aibu, akamshika mwanawe mkono.

"Asijue mtu, Wanu. Niahidi."

Wanu aliahidi. Watu wakijua, watoto wangehamishwa, na ada ya Alhamisi ndiyo iliyokuwa unga wao.

Juzi tu Uweso, baba wa wanafunzi wawili, alimsimamisha sokoni mbele za watu. "Wanu, baba'ko siku hizi anafundisha au anasinzia? Maana tutaleta mtu aje atutazamie." Wakacheka. Wanu naye alicheka, uso unamwaka.

Basi mtu mwenyewe ndiye huyu. Alimchungulia penye upenyo wa pazia: wa makamo, ndevu zimeanza mvi, kofia safi ya viua.

"Shikamoo, mwalimu. Naitwa Abdulwakil. Nimetoka Wete."

"Marahaba. Karibu sana. Watoka wapi?"

"Wete, mwalimu. Pemba."

"Naam, naam. Na watoka wapi?"

Watoto wakatazamana.

"Msamehe, kaka," Wanu aliita kutoka uani, akijitia kucheka. "Wete ndiko kwao. Akilisikia jina hilo mara moja hatosheki."

Mgeni akacheka. Mzee naye akacheka, kwa kuwa wengine wanacheka. Wanu aliuma upindo wa kanga yake. Huyu ndiye aliyemfundisha kusoma, akamchapa kwa uongo mmoja tu wa utotoni. Leo yeye anamchezesha mbele ya mgeni kama mwanasesere.

"Mwalimu, nisikilize na mimi kidogo," mgeni akasema.

Akasoma kwa sauti nzuri, moja kwa moja, bila kusita. Katikati akairuka aya moja.

Mbuzi ikanyamaza.

"Rudia," mzee akasema, ufito juu.

Abdulwakil akainamisha kichwa, akairudia aya ile kama mtoto. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa. Wanu alishusha pumzi. Wamepita. Akajitanda kanga vizuri, akaingia na kahawa.

"Nimejionea, alhamdulillahi," mgeni alimwambia, akitoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo, kizito. "Wewe hunijui, dada, ulikuwa mdogo. Mimi nimesoma hapa, kwenye mkeka huu. Huko Wete tuliambiwa mwalimu wetu amepotewa na kumbukumbu, na hana wa kumsaidia. Wote aliotusomesha tukachanga. Hizi za leo, na nyingine kila mwezi, apate kula na kutunzwa hadi Mungu atakapomchukua."

Akakitazama kitambaa, akakirudisha mfukoni.

"Lakini ni amana ya mgonjwa, siwezi kumpa mzima. Nataka neno lako tu, nikaape mbele ya wenzangu. Mwalimu ni mzima?"

Wanu alifumbua kinywa. Baba yake alikuwa akimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake yalikuwa yamemtambua.

"Mzima, kaka," akasema. "Mzima kabisa."