Nyuzi Thelathini na Tano

Kisheria, injini ya ndege ndogo ilijifunga joto likifika nyuzi thelathini na tano, maana hewa moto ni nyepesi, haibebi. Alfajiri hiyo Lodwar ilikuwa thelathini na nne. Rubani Nakiru alifunga waya wa kuzuia cheche, akajaza mafuta, kisha akampima kwenye mizani dadake Aweet, aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, pamoja na mumewe Ekal. Uzito ulizidi.

"Punguza mafuta, shemeji," Ekal alisihi.

"Yakipungua hatufiki Eldoret."

Ekal alimshika mkewe mkono, akamwachia, akabaki uwanjani.

Adhuhuri Nakiru alimpigia simu. "Ni msichana. Wote wazima."

"Utanifuata lini? Barabara bado imekatika."

Nakiru alitazama utabiri wa joto la Lodwar wa mwezi mzima. Hakuona alfajiri hata moja chini ya thelathini na sita.

"Kwanza mpe mtoto jina," alisema.