Diski ya Moshi

Dalmas hakutaka picha zilizomo zifunguliwe, alizijua. Aliisukuma diski kwenye kaunta na kumwomba Melvin amwambie kitu kimoja tu: ilitengenezwa wapi.

Melvin, fundi wa kompyuta karibu na steji ya matatu ya Kitengela, aliigeuza chali, akawasha tochi ya simu na kuchungulia ule mkanda mwembamba unaozunguka tundu la katikati. Pale kiwandani huchongwa tarakimu ndogo ambazo wengi wetu hatuna habari nazo. Dalmas alisimama akiomba kimoyomoyo tarakimu hizo ziseme Tanzania.

Maana mkewe Jentrix alikuwa ameapa kwamba ilitoka Moshi. Daktari wa Kitengela alipoona uvimbe kwenye mapafu yake, ndugu na waumini walichanga, naye akaenda kwa dada yake Adero huko Illasit, mpakani, ili wavuke pamoja mpaka hospitali ya Moshi. Adero ni mkulima wa nyanya, mwanamke mrefu anayeinama kila anapopita mlangoni. Baada ya majuma kadhaa Jentrix alirudi na diski: mapafu safi, na jina lake juu ya kila picha. Jina la hospitali halikuwamo, lakini nani angeangalia hilo siku kama ile? Kuku alichinjwa. Dalmas alilia mbele ya wageni bila haya.

Kisha Ezra, mwenzake kazini, akafungua mdomo. Alimwona Jentrix mjini Kajiado, siku zile zile za Moshi, akishikwa mkono kushuka garini na mtu ambaye Ezra hakumwona vizuri. Sasa, anayetoka Illasit kuja Kitengela hupitia Emali, njia nyingine kabisa. Kajiado ana shughuli gani? Tangu hapo usingizi ukamhama Dalmas. Mwanamume akishikwa na wivu hujifanya mpelelezi, na ushahidi haumwishii. Alikumbuka jinsi Jentrix siku hizi alivyokazana kumfundisha binti yao Sheryl, ambaye bado ni mdogo, kusonga ugali na kujisuka nywele mwenyewe. Akaona mambo yamekaa wazi: huyu mama anajiandaa kuondoka.

"Bosi, hii plastiki ni ya Taiwan," Melvin alisema. "Lakini hiyo haikusaidii. Ya Moshi, ya Nairobi, zote zinaweza kuwa za huko."

Dalmas alishusha pumzi. Alikuwa karibu kuichukua diski yake aende zake. Lakini Melvin alichungulia tena, akavuta diski tupu kutoka rafuni mwake na kuziweka pamoja chini ya tochi. Tarakimu zilifanana, isipokuwa mbili za mwisho, kama zilivyo diski za boksi moja.

"Pole, bosi. Hii ilitoka kwa boksi yangu. Nusu niliuzia wale watu wa picha za hospitali huko Kajiado, nusu ndio hii iko hapa. Hii diski haijawahi kuona Moshi."

Nyumbani, Dalmas aliiweka diski mezani na kumuuliza mkewe, kwa mara ya mwisho, alikuwa wapi.

"Nilikuwa Moshi, Baba Sheryl."

Hakupepesa macho, na hilo ndilo lililomuumiza Dalmas kuliko yote. Alimpenda mno mwanamke huyu. Angemsamehe mengi, lakini si kumchezea machozi yake, wala kuchezea michango ya watu. Akamwambia akusanye vitu vyake aende kwa Adero, Sheryl angebaki.

Jentrix hakubishana. Alikunja nguo moja, akaketi kitandani. Akakunja nyingine, akaketi tena. Dalmas aliona ni maringo tu. Jentrix alipokohoa alisema ni vumbi, kama alivyokuwa akisema kila siku tangu arudi. Mlangoni alimkumbatia mtoto kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mumewe na kumwomba jambo moja, kwamba asimchape Sheryl ugali ukiungua.

Kesho yake Dalmas alikwenda Kajiado. Hakuwa na nia ya kumrudisha mtu. Alitaka jina la mwanamume, basi, ili ajue wa kumchukia. Njia nzima alitazama nje, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa na aliona aibu.

Kwenye chumba cha picha alimkuta mpokezi anayeitwa Muthoki. Alimpa diski na kujitambulisha kuwa mume wa Jentrix. Muthoki aliitia kwenye kompyuta, akaitikia kwa kichwa: ni yao, na mwenye picha anamkumbuka. Dalmas akamuuliza moja kwa moja mkewe aliletwa na mwanamume gani.

Muthoki alishangaa. Hakukuwa na mwanamume. Walikuja wanawake wawili, na huyo Jentrix aliyepigwa picha alikuwa mrefu hata wakamwambia akunje magoti kidogo mbele ya mashine. Alimwona Dalmas akishika kaunta kwa mikono miwili, akadhani anahofia majibu.

"Usiogope, baba, huyo mrefu hana shida yoyote," alimwambia kwa upole. "Mgonjwa ni huyo mfupi aliyemleta. Hata tulimpa kiti, hakuwa anaweza kusimama. Alikuwa na diski yake ya Moshi, akatuomba tumtupie kwa pipa la taka."