Kinyago cha Dhahabu

Pigo la kwanza lilichana kanzu. La pili likachana ngozi.

"Mchape!" watu wa Thornwick walipiga kelele huku wakicheka. Kila Sikukuu ya Mwili wa Bwana, mafundi misumari ndio walioigiza mateso ya Yesu juu ya gari la mbao la maigizo, na mjeledi wao ulikuwa wa nyuzi za sufu zilizochovywa rangi nyekundu. Mwaka huu Hamo alikuwa ameusuka upya kwa ngozi ya ng'ombe, akafunga misumari kwenye ncha zake.

Aliyefungwa nguzoni hakutoa sauti. Kinyago cha Bwana, kilichopakwa dhahabu, kilimfunika uso mzima.

Hamo hakuhitaji kuuona. Mji mzima ulijua kuwa zamu ya kukivaa, iliyozunguka kwa mafundi wa kila kazi, mwaka huu ilikuwa ya Wymond, yule mtia rangi aliyegombana na Alard, mdogo wake Hamo, wiki ileile Alard alipookotwa mtoni kichwa kimepasuliwa.

Padre Osmer ndiye aliyemtoa shaka. "Aliyemuua mdogo wako ndiye atakayevaa uso wa Bwana," alimwambia juzi kanisani, sauti ikimtetemeka.

"Padre! Hiyo si siri ya maungamo?"

"Siri hii naweza kuitoa. Watu wetu hawajui kusoma, Hamo. Wanajifunza kwa macho. Basi na waone dhambi inavyolipwa."

Hamo akapiga tena. Damu ikarukia mbao. Vicheko vikakatika, mama mmoja akamziba mwanawe macho.

"We Hamo, umerukwa na akili?" Mwenzake aliyevaa nguo za askari alimdaka mkono. "Utaua mtu!"

Hamo alimsukuma akaanguka kutoka garini. "Lia!" akamfokea yule wa nguzoni. "Alard hakulia? Lia na wewe, mbwa we!"

Akatupa mjeledi, akanyakua nyundo ya kugongea msalaba, akaiinua.

"Hamo! Acha, Hamo!"

Sauti ilitoka katikati ya umati. Alikuwa Wymond, akipiga watu vikumbo ili afike mbele.

Nyundo ikabaki juu. Kwa mkono mwingine, Hamo akakivuta kinyago.

Padre Osmer alimtazama, midomo imejaa damu kwa kuiuma.

"Alilia," alisema. "Alinisihi sana, mwanangu. Nikampiga tena."